Kupe Wangu Hanyonyi Mtu

Kiswahili hakijalipa jina la kudumu gari la milango miwili lenye paa lililolala kuelekea nyuma. Ukilitohoa lile neno la Kifaransa ambalo dunia nzima hulitumia, unapata "kupe". Nililijaribu kwa majirani zangu katika nyumba ya kupanga, Kimara, wakacheka hadi machozi, maana kwao halikuwa tohoa, lilikuwa maelezo sahihi. Kupe ni yule anayeng'ang'ania sikio la ng'ombe akanyonya mpaka akavimba. "Leo ndiyo umelipa jina lake," alisema mama wa chumba cha pembeni. "Linakunyonya, na wewe umelikumbatia."

Kauli hiyo si yake peke yake. Ni ya wanafunzi wenzangu, ni ya mjomba wangu, ni ya kila anayepita getini Jumamosi akakuta miguu yangu imechomoza chini ya gari. Wote wanasema jambo moja kwa sauti tofauti: gari zee ni hasara, na msomi anayelitengeneza mwenyewe ni msomi aliyepotea njia. Nakataa yote mawili. Gari zee halinyonyi mtu. Kinachonyonya ni kutolijua, na kutolijua huko sisi tuliosoma tumekugeuza kuwa heshima.

Gari lenyewe ni Toyota Celica ya mwaka 2001, rangi ya fedha, ingawa jua la Dar es Salaam limeshakopa sehemu kubwa ya fedha hiyo kwenye boneti na paa. Ni ya kizazi cha saba, cha mwisho, kilichotengenezwa kuanzia 1999 hadi 2006. Jina lake lina asili ya Kilatini na maana yake ni kitu cha mbinguni. Nyumbani kwetu linaitwa "lile dude".

Nililinunua kwa bei isiyofika bodaboda mbili mpya, kwa sababu aliyeniuzia alikuwa amekata tamaa. Lilikuwa linakula oili lita nzima kila baada ya kilomita mia nane hivi, na likiwashwa asubuhi lilitoa moshi wa bluu uliowafanya watoto wakimbie wakishangilia. Mafundi watatu walikuwa wameshaliona. Wa kwanza alisema ringi. Wa pili alisema sili za valvu. Wa tatu alisema kaka usihangaike, hii injini imekufa, kachukue nyingine Kariakoo, tunaifunga kwa siku moja.

Hapa ndipo naomba uvumilivu wako, msomaji, maana bila kuingia kidogo ndani ya injini hoja yangu itabaki kuwa maneno.

Injini hiyo inaitwa 1ZZ-FE. Ina silinda nne, ujazo wa sisi 1,794, na inatumia cheni ya taimingi, si mkanda. Kama umewahi kupanda Wish ya sisi 1800 ya mwaka 2003 au 2004, au Premio ya 1800 ya miaka hiyohiyo, umeshabebwa na injini hii. Ndiyo maana wanaosema spea za Celica hazipatikani wanasema nusu ya ukweli. Spea za injini zimejaa Kariakoo, kwa sababu chini ya boneti gari la mbinguni ni ndugu wa damu wa gari la baba wa watoto watatu. Kinachosumbua kupata ni vitu vya mwili: taa za mbele, bampa, kioo cha nyuma, raba za milango. Taa moja ya mbele niliitafuta miezi mitano.

Injini za aina hii za miaka ya mwanzo zina udhaifu unaojulikana. Pistoni ina mifereji mitatu ya ringi. Ringi ya chini kabisa kazi yake ni kukwangua oili kwenye ukuta wa silinda na kuirudisha chini, kupitia vitundu vilivyotobolewa ndani ya mfereji wake. Vitundu hivyo ni vichache na ni vyembamba. Mwenye gari akichelewesha kubadilisha oili, masizi yanaviziba, ringi inaganda mahali pake, oili inabaki ukutani na kuungua pamoja na petroli. Toyota yenyewe baadaye iliibadilisha pistoni hiyo na kuipa njia kubwa zaidi za kurudishia oili. Kwa hiyo injini ya yule bwana haikuwa imekufa. Ilikuwa imefunga choo.

Nilijuaje? Kwa njia ileile ninayojulia mambo mengine: nilisoma. Nilitafuta kitabu cha matengenezo cha injini hiyo, nikakisoma jioni kama ninavyosoma makala za nadharia, tofauti ikiwa kwamba kitabu hiki mwandishi wake alitaka aeleweke. Kisha nikachomoa plagi, nikafunga kipimo cha kompresheni, nikapiga stata. Silinda zote nne zilitoa namba zinazokaribiana. Injini yenye kompresheni nzuri lakini inakula oili inakuelekeza kwenye sehemu mbili, ringi ya oili na sili za valvu. Kumbe fundi wa kwanza na wa pili walikuwa wanagombania ukweli ambao ulitosha kuwapa wote.

Kazi ilichukua Jumamosi nne na Jumapili mbili. Uwanja wetu ni wa mchanga, na jeki juu ya mchanga inazama polepole kama mtu anayekusikiliza huku akisinzia, kwa hiyo niliweka kwanza kipande cha mbao nene, kisha jeki, kisha stendi mbili za chuma, na mawe nyuma ya magurudumu. Kila kundi la bolti liliingia kwenye kopo lake la maziwa ya unga lililoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Hedi ikatoka. Sampu ikatoka. Pistoni nikazisukuma kutoka chini, zikachomoka juu moja baada ya nyingine, na ringi za oili za pistoni mbili zilikuwa zimeganda kabisa, hazisogei hata kwa ukucha. Vitundu havikuonekana. Palipotakiwa kuwa na tundu palikuwa na kitu kama ukoko wa sufuria.

Nikanunua pistoni za muundo wa baadaye, ringi mpya, sili za valvu, gasketi. Kila ringi kabla ya kufungwa huingizwa kwanza peke yake ndani ya silinda yake, ukapima pengo la ncha zake kwa vile vijisahani vyembamba vya kupimia nafasi. Bolti za hedi hazikazwi kwa nguvu za bega. Zinakazwa kwa spana yenye kipimo, kwa mpangilio unaoanzia katikati kwenda nje, kisha kila moja inazungushwa nyuzi 90 za mwisho. Cheni ya taimingi ina alama zake. Nilizihakiki mara tatu, ya mwisho kwa tochi ya simu kwa sababu umeme ulikatika, na nilizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kuthubutu kuunganisha betri.

Limeshatembea kilomita elfu sita tangu siku hiyo. Tangu oili ibadilishwe mpaka ibadilishwe tena, sijaongeza hata nusu lita.

Sasa, najua simulizi kama hii inavyopenda kumalizika: kijana msomi amewashinda mafundi wa mtaani. Sitaki kabisa isomwe hivyo. Yule fundi wa tatu hakuwa mjinga. Alikuwa anajibu soko, na soko ni sisi.

Fikiria namna tunavyopeleka magari gereji. Tunafika saa tano, tunalitaka gari saa tisa. Hatujui lilianza lini kusumbua, oili ilibadilishwa lini, taa gani iliwaka. Tunasema tu "linagoma-goma hivi". Fundi akikaa saa tatu akifuatilia waya mmoja uliokatika nyuma ya dashibodi, akaupata, akauunga, tunamwambia, "Aah, kumbe kawaya tu!" na tunampa elfu tano ya maji. Lakini akisema injini nzima inatoka, tunaheshimu, tunatafuta hela, tunamlipa. Tumejenga utaratibu ambao kufikiri hakulipwi, kinacholipwa ni kitu kilichobadilishwa. Halafu jioni tunakaa vijiweni kulalamika kwamba mafundi wa Bongo wanabahatisha. Wabahatishe vipi tena, wakati bahati ndiyo tunayoilipia?

Kabla sijafungua injini nilikwenda kwa mzee mmoja mwenye gereji chini ya mwarobaini, Sinza. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Gari liko wapi?"

"Sijaleta gari, mzee. Nimeleta swali."

Alicheka hadi akakaa chini. Akaniambia kwamba tangu aanze kazi hiyo watu wamemletea magari, wamemletea lawama, wengine wamemletea polisi, lakini swali ni mara ya kwanza. Nilimlipa saa yake moja kama ambavyo ningemlipa wakili. Alikataa, nikasisitiza, akapokea huku akitikisa kichwa. Kwa saa hiyo alinifundisha jambo ambalo kitabu hakikunifundisha: namna kidole kinavyojua ringi iliyokaa vizuri kwenye mfereji na ile inayojifanya imekaa.

Neno lenyewe, fundi, linasikitisha jinsi tulivyolishusha. Fundi ni mtu aliyebobea, anayejua kazi yake kiasi cha kuweza kuifundisha. Hata kitenzi kufundisha kina sauti yake ndani. Leo tukisema "huyo ni fundi tu" tunamaanisha kwamba hakufika mbali. Mimi nasomea shahada tunayoiita ya umahiri, na nitapewa karatasi inayothibitisha umahiri huo kwa kazi ambayo yote nimeifanya nikiwa nimekaa. Mzee wa Sinza ana miaka mingi ya umahiri usio na karatasi, na hakuna hata mmoja katika darasa langu ambaye angetaka mwanawe awe kama yeye.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Tulilisoma wote, tulijibia mitihani. Moja ya hoja zake kubwa ni kwamba shule tuliyoirithi kwa mkoloni ilimfundisha mtoto kujitenga na kazi za mikono na watu wanaozifanya. Nimekaa kwenye semina ambapo andiko hilo lilichambuliwa kwa saa mbili, kwa ustadi mkubwa, na mtu mmoja akauliza baadaye, akitazama kucha zangu, kama nina tatizo la ngozi.

Kuna hoja ya usalama, na hii siipuuzi. Gari zee linaweza kuua. Breki zinachoka, mipira ya breki inapasuka, tairi linaonekana zima kumbe ni la miaka tisa. Ni kweli. Lakini gari la miaka mitano ambalo mwenyewe hajawahi kuinama kutazama tairi zake linaua vilevile. Mimi najua unene wa pedi zangu kwa milimita kwa sababu nimezishika. Najua mpira wa breki wa mbele kushoto ulikuwa na ufa, kwa sababu nililala chini nikauona, na kwa wiki mbili zote gari lilikaa pale juu ya stendi na mimi nikipanda daladala mpaka mwingine alipopatikana. Kulijua gari lako ndiko kunakokuambia leo usiliendeshe. Anayelipeleka tu gereji hadi liwake hana wa kumwambia hivyo.

Watunga sera nao wamechagua njia rahisi ya kuhesabu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15. Sisi hatujazuia, tumetoza: gari la abiria lililozidi miaka 10 linaongezewa ushuru wa asilimia 30 kwa kosa la kuzaliwa mapema. Naelewa sababu zake. Hakuna anayetaka bandari yake iwe jalala la Japani. Lakini umri ni kitu ambacho karani anaweza kukisoma mezani, na hali ya gari inamtaka mtu avue koti na kuinama. Tumechagua kinachosomeka mezani. Na fikra hiyo haiishii bandarini, inatushukia sisi wote: tunauliza gari ni la mwaka gani, namba yake inaanza na herufi gani, hatuulizi limetunzwaje. Nimeona magari yenye namba za juzi yanayotoa moshi mzito kuliko lori la mchanga.

Kwa moshi, wenzangu wa mazingira wana haki ya kuniuliza. Jibu langu ni lile nililolitoa hapo juu kwa spana: lilikuwa linachoma oili, sasa halichomi. Kulitupa kusingeufuta moshi huo, kungeuhamishia kwa mnunuzi wa tatu. Oili chafu simwagi kwenye mtaro. Naikusanya kwenye madumu, na kuna jamaa wa fensi anayekuja kuichukua apake nguzo zake zisiliwe na mchwa. Sisemi hiyo ni njia safi kuliko zote, nasema tu kwamba najua kila lita yangu imeishia wapi. Muulize mwenye gari jipya yake imeishia wapi.

Kuna pia wanaosema huu ni ulimbwende. Kwamba watu wamebanana kwenye mwendokasi, na wewe mwanafunzi unahangaika na gari la michezo la viti viwili na nusu. (Viti vya nyuma vipo. Ni vya mikoba na watoto wenye subira.) Hapo nakubali jambo moja: ndiyo, napenda lilivyo. Napenda lilivyo chini, napenda usukani wake unavyokuambia barabara ikoje, hata pale ambapo ungependa usiambiwe. Sioni kwa nini maskini wa kati anapaswa kupenda vitu vya kazi tu. Na kama ni ulimbwende, ni wa bei ndogo kuliko ule wa wenzangu waliokopa ili waendeshe gari la kijivu wasilolipenda, wanalolilipia kila mwezi na wasilojua hata dipstiki yake iko upande gani. Wao ndio wana kitu kinachonyonya, nacho kinanyonya tarehe 25.

Isitoshe, anayeniambia kwamba gari la aina hii si la nchi zetu asome historia ya Safari Rally kule Kenya. Kati ya 1984 na 1995, Celica ilishinda mashindano hayo mara nane. Mwaka 1994 aliyekuwa nyuma ya usukani wake alikuwa Mkenya, Ian Duncan. Hayo yalikuwa magari maalumu, ya kizazi kingine, na langu haliwezi hata kuota vumbi lile. Lakini kilichoyafikisha mwisho wa safari hakikuwa upya wake. Ni watu waliokuwa wakisubiri kando ya njia na vifaa, waliolijua kila fundo la gari lile, wakibadilisha shokapu wakati wengine bado wanatafuta jeki.

Limebaki suala la mwenye nyumba wangu, na hili si la nadharia. Mwezi uliopita alinipa karatasi iliyoandikwa kwa mkono: uwanja si gereji, gari bovu liondoke au mimi niondoke, kabla kodi haijaisha. Nimemheshimu siku zote, namwita mama, na najua anachokiogopa. Anaogopa doa la oili, anaogopa mtaa useme amepangisha wahuni, anaogopa leo gari moja kesho manne. Sijamlaumu kwa hofu hiyo. Nimemlaumu kwa neno "bovu", kwa sababu siku aliyoandika karatasi ile gari lilikuwa limetoka kumrudisha hospitali na magoti yake, saa nne usiku, mvua inanyesha, bodaboda zote zimejificha.

Nilikwenda kwake Jumapili baada ya ibada. Nilimpelekea masharti yangu mwenyewe, yameandikwa: turubai chini kila nifanyapo kazi, hakuna nyundo kabla ya saa tatu asubuhi, hakuna gari la mtu mwingine, madumu ya oili yatakaa chumbani kwangu na si nyuma ya jiko. Aliyasoma taratibu, miwani ikiwa imeshuka puani. Akaniuliza kama ni kweli naweza kutazama pampu ya maji ya nyumba, maana fundi wake anasema inunuliwe mpya.

Nimeifungua jana. Ni sili ya mpira, bei yake haifiki elfu kumi. Kuhusu gari, amesema bado anafikiria. Kodi yangu inaisha Desemba.